Kabla ya Kuitungua Kalenda Ukutani



Katika nyumba nyingi za Wakristu wa nchi hii, karibu na msalaba na picha ya Moyo Mtakatifu, hutundikwa kalenda. Imechapwa na jimbo au na parokia. Juu ina picha ya Baba Askofu au ya kanisa kuu, na chini siku zimepangwa, Dominika na sikukuu zikiwa kwa wino mwekundu. Ilinunuliwa mlangoni mwa kanisa baada ya Misa ya Desemba, ikatundikwa kwenye msumari, na tangu siku hiyo imeyatazama yote yaliyotendeka chini ya paa lile. Kisha huja usiku wa tarehe 31 Desemba. Kengele hulia, watoto hugonga madebe, fataki hupasuka mjini, watu hukumbatiana na kutakiana heri. Kesho yake mama huitungua kalenda ya zamani na kutundika mpya. Na ile ya zamani ama huwa jalada la daftari la mtoto, ama huenda jikoni kuwashia moto.

Juu ya jalada la daftari sina neno. Karatasi yake ni nzito na nzuri, na hata mimi nilipokuwa mtoto madaftari yangu yalivikwa nyuso za maaskofu. Lakini nataka kuwaomba, akina baba na akina mama, jambo moja: msiitungue kabla hamjaisoma. Maana ile si karatasi tupu. Pembeni mwa tarehe zake mmeandika kwa mikono yenu wenyewe: "Kliniki." "Ng'ombe kapandishwa." "Kikoba, 10,000." "Arobaini ya babu." Mahali pengine pana tarehe iliyozungushiwa duara, na hakuna hata mmoja nyumbani akumbukaye sababu yake. Mmekaa mwaka mzima na karani aliyeandika habari zenu bila mshahara, na leo mwataka kumtia motoni kabla hajatoa ushuhuda!

Tukisikiliza mazungumzo ya siku hizi za mwisho wa mwaka, njiani, ndani ya daladala, hata nje ya kanisa, twasikia mwaka ukihukumiwa. "Mwaka huu umetunyoosha." "Mwaka huu haukuwa wetu, acha uende zake." Na mwingine huongeza kwamba ujao ndio utakaokuwa mwaka wake, kana kwamba miaka hugawiwa watu kwa zamu kama maji ya bomba. Mwaka umefanya nini, jamani? Mwaka ni mwendo wa dunia kulizunguka jua, siku 365 na karibu robo ya siku. Ni kweli, ulileta mvua au ukame, ulileta homa, uliwachukua wengine ambao tungali tunawalilia. Hayo hayakutoka mikononi mwetu, na yeyote aliyezika mtoto mwaka huu hana haja ya kusomewa somo na mhariri; apewe kiti akae, nasi tukae naye. Ninayoyasema hapa yahusu lile fungu jingine la mwaka, lililopita mikononi mwetu wenyewe, ambalo twapenda sana kulificha nyuma ya lile la kwanza.

Wazee wa pwani walilijua jambo hili. Kule Makunduchi, kusini mwa kisiwa cha Unguja, ndugu zetu Waislamu wangali wanaiadhimisha siku ya Mwaka Kogwa, yaani kuukosha mwaka, ambayo kwa miaka hii huangukia mwezi wa Julai. Hiyo ni siku ya Nairuzi, jina lililofika pwani kutoka Uajemi pamoja na hesabu ya siku 365, ambayo wakulima na wavuvi waliigawa katika miongo ya siku kumi kumi ili wajue majira ya kupanda na majira ya pepo. Siku hiyo wanaume wa pande mbili za mji hukutana uwanjani na kupigana kwa mashina ya migomba. Aliyekuwa na kinyongo na mwenzake mwaka mzima hukitoa hapo, mbele ya watu wote. Kisha kibanda cha makuti huchomwa moto, watu hukoga baharini, na karamu hufuata ambayo mgeni hasahauliwi. Wageni wengi huenda kuitazama kama ngoma. Mimi naona ndani yake hekima kubwa: wale wazee walikataa kinyongo kisivuke mwaka. Walijua kwamba ugomvi usiotolewa nje hauzeeki pamoja na mwaka, bali hukua.

Lakini yako mambo ambayo shina la mgomba haliwezi kuyafikia. Deni lililofichwa halitoki kwa kupigana. Ahadi tuliyompa mtu akaisubiri bure hatuioni uwanjani. Kwa mambo kama hayo twahitaji njia nyingine, iliyo ya kimya na ya kukaa kitako. Nayo Kanisa limekuwa nayo tangu zamani, nayo ni kuchunguza dhamiri.

Mwalimu mkubwa wa kazi hii ni Mtakatifu Inyasi wa Loyola. Alikuwa askari, na mwaka 1521 katika vita vya Pamplona risasi ya mzinga ilimvunja mguu. Alipolala kitandani nyumbani kwao aliomba hadithi za mashujaa na mapenzi, wasizione. Wakampa kitabu cha maisha ya Kristu na cha habari za watakatifu. Hapo akaanza kuangalia jambo ambalo wengi wetu hatuliangalii: mawazo fulani yalimfurahisha wakati wa kuyawaza, lakini yalipopita yaliuacha moyo mkavu, mengine yalipopita yaliuacha moyo na amani. Basi akajizoeza kuyapima mambo kwa alama wanayoiacha nyuma. Baadaye akaandika kitabu cha Mazoezi ya Kiroho, ambacho Papa Paulo III alikithibitisha mwaka 1548, na humo akapanga uchunguzi wa dhamiri kwa hatua tano. Ya kwanza, kumshukuru Mungu kwa mema tuliyopokea. Ya pili, kuomba neema ya kuzijua dhambi zetu. Ya tatu, kuidai nafsi hesabu, saa kwa saa tangu kuamka. Ya nne, kuomba msamaha. Ya tano, kukusudia kujirekebisha kwa msaada wa neema.

Katika seminari kuu tulifundishwa hatua hizo tukazikariri, na jioni kabla ya kulala tulizifuata, wengine kwa ibada, wengine kwa kusinzia. Nilidhani nazijua. Niliwahi kuzisomesha hata kwa wengine. Ila ile ya kwanza, yaani shukrani, niliiona kama kubisha hodi tu. Mtu hubisha hodi, kisha akaingia kwenye maneno yenyewe. Jinsi nilivyojua kuwa nimekosea, nitawasimulia.

Miaka michache iliyopita, kati ya Noeli na Mwaka Mpya, mume na mke walinijia kutoka kijijini kwao. Wamenipa ruhusa kuyaandika haya, mradi nisitaje majina wala mahali. Mume akasema, "Padre, tunaomba uje utubarikie nyumba. Imeingiliwa. Pesa zinaingia na hatuzioni zinakotokea." Alikuwa na mtu mmoja jirani aliyemshuku, akamtaja hata jina. Nikamwambia kwamba kubariki nitabariki, lakini kwanza tuitoe kalenda ukutani, na daftari lolote walilo nalo, na simu zao. Mali bila daftari hupotea bila habari, walisema wahenga. Tukakaa mezani baada ya chakula cha mchana, tukaanza na Januari.

Siku hizi hakuna mtu maskini wa kumbukumbu, ijapokuwa hajui kuandika vitabu vya hesabu. Simu huhifadhi ujumbe wa kila shilingi iliyoingia na iliyotoka, pamoja na tarehe na saa. Tuliposoma ujumbe wa mwezi wa Machi tukakuta mume alikopa shilingi 100,000 kwa njia ya simu, apate kutoa rambirambi ya heshima katika msiba wa mjomba wake. Mwezi wa Aprili alikopa 150,000 kwa mkopeshaji mwingine, wa ile mikopo ambayo mitaani huitwa kausha damu, ili amlipe yule wa kwanza. Mwezi wa Juni alikuja wa tatu kumlipa wa pili. Tulipofika Novemba tukajumlisha: alikuwa amekwisha kulipa shilingi 410,000, na bado alidaiwa 180,000. Mke wake hakulijua hata moja la hayo. Naye tulipoifungua simu yake, tukaona kwamba mwezi wa Agosti alichukua 200,000 katika kikoba cha akina mama, akisema ni za mbegu na mbolea, akampa ndugu yake aliyekwenda mjini kutafuta kazi, na ndugu hajarudi wala hapigi simu. Mume hakujua.

Uchawi wote ulikuwa umeandikwa, na tarehe zake.

Nami nilijiona nimefanya kazi njema kabisa! Hata nikamkumbusha mume juu ya yule jirani aliyemsingizia. Lakini hapakuwa na furaha mezani pale. Mume aliinamisha kichwa. Mke alitazama mlangoni kama mtu anayetaka kuondoka, si chumbani, bali katika nyumba ile moja kwa moja. Nikaogopa. Niliona kwamba nimeleta ukweli ndani ya nyumba kama mtu aletaye moto bila figa. Nikanyamaza, kwa kuwa sikuwa na la kusema.

Aliyetuokoa ni mama yule. Aliivuta kalenda kwake, akairudisha nyuma mpaka Februari, tuliyokuwa tumeiruka haraka kwa sababu haikuwa na fedha nyingi. Palikuwa na tarehe zilizotiwa alama, kumi na moja mfululizo. Akasema taratibu, "Hizi ni siku alizolazwa mtoto." Kisha, baada ya kitambo: "Baba yake alilala siku zote hizi nje ya wodi, kwenye benchi." Alikuwa amesahau. Na mume naye alikuwa amesahau kwamba mkewe aliuza vitenge viwili siku zile, wapate nauli na dawa. Mtoto mwenyewe alikuwa uani akicheza, na sauti yake twaisikia. Hapo ndipo walipolia wote wawili, na baada ya kulia wakaanza kusema kama mume na mke. Deni lilikuwa lile lile. Lakini sasa lilikuwa deni lao, siyo lake mmoja na lake mwingine.

Nilirudi nyumbani usiku nikaifungua tena ile orodha ya Mtakatifu Inyasi. Kwanza, shukrani. Si hodi, ni msingi wa nyumba. Mtu anayeanza kujichunguza kwa makosa huishia mahali pawili: ama hukata tamaa, ama hutafuta wa kumtupia lawama, na aliye karibu zaidi ni mwenzi wake wa ndoa. Lakini aliyeanza kwa kuhesabu alichopewa hupata nguvu ya kuyatazama makosa bila kuyakimbia, maana anajua kwamba hakuachwa. Ndiyo maana Kanisa nalo jioni ya tarehe 31 Desemba huimba Te Deum, wimbo wa shukrani, na kesho yake huimba Veni Creator kumwomba Roho Mtakatifu. Na kwa kila mmoja wa nyimbo hizo, ukiimbwa au kusaliwa hadharani siku yake, waamini hupewa rehema kamili kwa masharti ya kawaida. Haliimbi kwanza maombolezo.

Basi, wazazi wapenzi, tengeni jioni moja kati ya Noeli na Mwaka Mpya. Fungeni televisheni. Wekeni kalenda mezani, na kadi za kliniki, na ripoti za shule, na daftari la duka kama mnalo. Anzeni na watoto, na waulizeni jambo moja tu: siku gani ya mwaka huu wangependa irudi tena? Msiwasahihishe majibu. Mtoto mmoja aliniambia kwamba siku nzuri kuliko zote mwaka mzima ilikuwa ile umeme ulipokatika, kwa sababu simu ya baba ilizimika naye akawasimulia hadithi mpaka wakalala. Baba yake alikuwapo pale akisikia. Hotuba yangu ya Dominika ile haikufikia nusu ya neno hilo.

Kisha watoto wakalale, maana si kila jambo la wazazi ni la masikio yao. Ninyi wawili mbaki na kalenda. Endeni mwezi kwa mwezi, msiruke hata mmoja, hata ule unaoonekana mtupu. Katika kila mwezi tafuteni kwanza mlichopewa. Kisha ulizaneni: ni nani tuliyemkwaza mwezi huu? Ni nani tunayemdai, na ni nani anayetudai? Tulimwahidi nani nini? Mpaka wa shamba tuliogombania na kaka, umekwisha au umenyamaza tu? Mzazi aliyeko kijijini, tulimpigia simu mara ngapi bila yeye kuanza? Andikeni majibu. Yasipoandikwa, asubuhi yatakuwa yamekwisha kubadilika rangi. Mjane au mseja aliye peke yake na afanye hivyo hivyo, na akiweza amwite ndugu mmoja mwaminifu.

Najua kikwazo kikubwa kiko wapi. Kiko kwa sisi tunaoitwa baba, wa nyumbani na wa kanisani. Twaogopa kwamba mkuu wa nyumba akisema "hapa nilikosea," ukuu wake utapungua. Tukumbuke habari za Mwalimu Julius Nyerere. Azimio la Arusha, lililotangazwa mwezi wa Februari mwaka 1967, lilikuwa kazi aliyoipenda kuliko nyingi. Ilipotimia miaka kumi, mwaka 1977, aliandika kijitabu cha kulipima Azimio hilo baada ya miaka kumi, na humo hakuwaimbia watu sifa tu. Aliyaandika yaliyofanikiwa na yaliyoharibika, uzembe na upotevu wa mali ukiwamo, akakiri wazi kwamba nchi haijawa ya kijamaa wala haijafikia kujitegemea. Watu wanaweza kubishana mpaka leo juu ya siasa ile, na hapa si mahali pake. Ninachouliza ni hiki: ikiwa rais aliweza kuyaandika hayo mbele ya taifa zima, mimi na wewe twashindwaje kuyasema mbele ya mtu mmoja tuliyefunga naye ndoa, au mbele ya halmashauri ya parokia?

Nami nisijifiche nyuma ya mfano wa mkubwa. Mwaka uliopita niliisoma kalenda yangu mwenyewe, ile iliyo juu ya meza hii ninayoandikia. Katika mwezi wa Machi nilikuta neno moja kwa penseli: "Mwalimu." Katika Mei, tena: "Mwalimu." Katika Julai na Septemba vile vile. Huyo ni katekista mzee aliyenifundisha sala nilipokuwa na umri wa miaka sita, chini ya mwembe, akiwa na fimbo ambayo sikumbuki kama aliwahi kuitumia. Alikuwa mgonjwa wa miguu, asiweze tena kwenda kanisani, naye alituma salamu mara kwa mara kwamba angependa kumwona padre wake. Kila mara niliandika jina lake, na kila mara paliingia mkutano, au gazeti lilichelewa mtamboni, au mvua ilinyesha. Mwezi wa Oktoba hauna penseli. Una tarehe ya mazishi yake, na niliiandika kwa wino.

Sikuwa nimetenda ubaya. Hivyo ndivyo nilivyojiambia, na ni kweli kwamba kila siku moja moja ilikuwa na udhuru wake mzuri. Ila udhuru mzuri mara nne, ukiwekwa katika mstari mmoja, una sura nyingine kabisa. Siku haiwezi kutuonyesha sura hiyo, wala juma. Ni mwaka tu, ukitandazwa mezani wote, uwezao kutuonyesha. Kwa ajili hiyo nasema kwamba uchunguzi wa jioni, ulio mwema na wa lazima, hautoshi peke yake.

Sasa, juu ya kukusudia mema. Hapa nitasema kwa ukali kidogo. Makusudi mengi ya Mwaka Mpya ni mapana mno kama mbingu, na hakuna mtu awezaye kuishika mbingu mkononi. "Nitakuwa baba mwema." "Tutasali zaidi." "Nitaacha pombe." Mapema mwezi wa Februari yamekwisha kusahauliwa, na mwenyewe ameongeza aibu juu ya kosa. Mtakatifu Inyasi, aliyekuwa askari, hakupigana na adui wote kwa siku moja. Alimfundisha mtu achague kosa moja tu, alikusudie asubuhi anapoamka, alichunguze adhuhuri, alichunguze tena jioni. Katika kitabu chake mna mistari iliyochorwa, miwili kwa kila siku ya juma, na kwa kila kuanguka mtu hutia nukta juu ya mstari. Kisha hulinganisha mstari na mstari, siku na siku, juma na juma. Na mtu akianguka katikati ya kazi, aweke mkono kifuani kwa majuto, jambo liwezalo kufanyika hata mbele ya watu bila wao kutambua. Tazameni jinsi lilivyo jambo dogo, lenye kuhesabika! Mlevi asiseme "nitaacha pombe" halafu akae. Aseme: siku ya mshahara sitapita njia ya kilabuni, nitapita ya kanisani, na mke wangu atanipokea njiani. Hilo laweza kutiwa nukta.

Wala asitishike akiona nukta zile zile mwaka hata mwaka. Papa Yohane XXIII alianza kuandika daftari lake la roho akiwa seminarini Bergamo, kijana wa miaka 14, mwaka 1895, akaendelea nalo hata uzee wake. Lilichapwa mwaka 1964, baada ya kifo chake. Mtu akilisoma hukuta yale makusudi ya kijana yakirudi kwa padre, na ya padre kwa askofu. Hakuona haya kuanza tena pale pale. Nadhani ndiyo sababu alikuwa mtu wa uchangamfu: hakushangazwa na udhaifu wake.

Wale mume na mke niliowasimulia walichagua jambo moja tu: tarehe 5 ya kila mwezi, baada ya chakula cha jioni, simu zote mbili huwekwa mezani zikasomwa, na hakuna anayekopa pasipo mwenzake kujua. Sisemi kwamba wamekuwa matajiri. Mwaka wa kwanza waliruka miezi miwili, Juni na Julai, wakati wa mavuno, wakagombana, wakarudi. Madeni mawili ya simu yamekwisha. Deni la kikoba lingali likilipwa kidogo kidogo. Yule jirani walimwendea na sahani ya mchele, wakamwomba radhi kwa jambo ambalo hakuwa na habari nalo. Alicheka sana, wameniambia, kisha akawakaribisha chai.

Mnalikumbuka fumbo la Bwana wetu juu ya mtini uliokaa miaka mitatu bila matunda. Mwenye shamba alitaka ukatwe. Mtunza shamba akauombea mwaka mmoja zaidi. Twapenda sana kuhubiri juu ya huruma ya mwaka ule ulioongezwa, na ni haki. Lakini yule mtunza shamba hakuomba muda mtupu. Alisema atakachofanya: ataulimia pande zote na kuutilia samadi. Alijua jembe liko wapi. Kila mkulima msomaji wa gazeti hili anajua pia kwamba samadi haitiwi juu ya majani, ambako watu wataiona, bali chini penye mizizi, nayo ina harufu.

Kalenda yangu ya mwaka huu ingali ukutani ninapoandika, na jioni nitaisoma tena kabla ya kuitungua. Mjane wa Mwalimu yule angali hai. Nyumba yake ni mwendo wa dakika arobaini kwa pikipiki kutoka hapa ofisini. Katika ile mpya, ambayo bado imekunjwa na uzi wake, nimekwisha kufungua ukurasa wa Januari na kuandika jina lake kwenye tarehe 3, kwa wino.